Ndege wahamiaji wa mwezi Machi: wanafunzi waende pwani, au mabwawa ya Nyanda za Juu Kusini yanatosha?

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Uyole, Mbeya, na ninasimamia klabu ya mazingira ya wanafunzi. Mwaka huu vijana wamevutiwa sana na ndege wa majini, hasa baada ya kujifunza kwamba baadhi ya ndege tunaowaona kwenye madimbwi ya mvua hapa kwetu huanguliwa Ulaya na kaskazini mwa Asia, na kwamba kati ya Februari na Aprili, majira ya kuchipua yanapoanza huko, ndege hao hufunga safari ya kurudi. Wazazi wamekubali kuchangia safari moja, na ningependa iwe mwezi Machi ili wanafunzi wawaone wageni hao kabla hawajaondoka.

Walimu wenzangu wananishauri niwapeleke Bagamoyo au Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ndege wahamiaji wa majini wanapatikana kwenye fukwe za bahari. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia moja, na gharama yake itawaacha nje wanafunzi wengi ambao wazazi wao hawana uwezo. Kwa upande mwingine, sipendi kuwapeleka mahali pa karibu kisha wakarudi hawajaona chochote, kwa sababu kijana aliyekata tamaa siku ya kwanza ni vigumu kumrudisha.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, huku Mbeya, Iringa na Njombe yapo mabwawa au mwambao wa ziwa ambako ndege wahamiaji wanaonekana mwezi Machi kwa uhakika? Na kama wapo, mwanafunzi atajuaje kwamba ndege aliye mbele yake ni msafiri anayejiandaa kuondoka, si mkazi wa siku zote?

Muongoza wageni, Iringa

Mwalimu, salaam. Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa ni watu wachache wanaoutazama mwezi Machi kwa jicho hilo. Wageni wengi ninaowaongoza huja kiangazi kutazama wanyama wakubwa, na mvua zinapokolea hawaonekani, ilhali kwa ndege huo ndio wakati wenye mambo mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Wenzako hawajakosea kuhusu pwani. Tope linaloachwa wazi na maji kupwa, kuanzia Bagamoyo hadi delta ya Rufiji, linalisha ndege wengi wahamiaji, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu. Lakini kuangalia ndege pwani kuna ratiba yake, na ratiba hiyo haipangwi na mwalimu. Maji yanapokupwa, ndege husambaa mbali juu ya tope, na kwa darubini ya kawaida huoni zaidi ya vivuli vinavyotembea. Yanapojaa hukusanyika kwenye vipande vichache vya nchi kavu, na hapo ndipo wanapoonekana vizuri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji huwa kubwa zaidi, kwa hiyo mwalimu anayetoka Mbeya na watoto akafika saa isiyofaa atawaonyesha tope tupu. Kwenye bwawa hakuna kupwa wala kujaa. Unachagua saa yako kwa kufuata mwanga na joto tu, yaani alfajiri hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni.

Hata hivyo, kuna jambo kuhusu Machi katika mikoa yetu ambalo ni lazima ulipange mapema. Sisi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Machi maji yanakuwa yametapakaa kila mahali. Ndege ambao Septemba na Oktoba walibanana kwenye ukingo wa bwawa moja lililobaki, sasa wamegawanyika katika mamia ya madimbwi, mashamba ya mpunga na mabonde yaliyofurika. Ukienda kwenye bwawa kubwa lililojaa hadi kwenye majani utaona bata na mnandi, lakini chamchanga, wale ndege wahamiaji wanaotafuta chakula kwenye tope na maji ya kina kifupi, hutawaona, kwa kuwa miguu yao ni mifupi na wanahitaji maji yasiyozidi vidole vichache vya kina. Kwa hiyo tafuta ukingo wa mteremko mdogo, mahali ng'ombe wanaponyweshwa na kukanyagakanyaga tope, au dimbwi la barabarani lililochimbwa kifusi. Mabwawa ya kutibu majitaka ya mamlaka za maji ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kina chake hakibadilikibadiliki na wadudu hawakosekani humo. Huko, bila shaka, hamwingii bila barua na kibali.

Kama mtapata usafiri wa kufika Iringa, fikirieni Bwawa la Mtera, karibu nusu ya njia ya kwenda Dodoma. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme, na kwa kuwa limetandaa kwenye tambarare, kingo zake nyingi zina kina kifupi. Mwari, mnandi, korongo na kulastara wapo, na upande ambao maji yanaingia taratibu kwenye nyasi ndipo chamchanga wanapolisha.

Sasa kuhusu dalili za kujiandaa kusafiri, ambayo kwangu ndiyo sehemu muhimu ya swali lako. Dalili ya kwanza ni mavazi. Wengi wa ndege hawa wanapokuwa kwetu huwa na rangi ya kijivu au kahawia iliyofifia, lakini kati ya Februari na Aprili hupukutisha manyoya ya mwili na kuota mapya ya msimu wa kuzaa. Yuko ndege mdogo mwembamba anayetikisatikisa mkia na kufuata ng'ombe malishoni, ambaye Novemba ana tumbo lenye unjano hafifu. Kufika mwisho wa Machi dume lake limekuwa la njano kali, na ndani ya majuma machache huondoka kwenda kuzaa Ulaya na Asia. Mwanafunzi akimwona katika hali hizo mbili hahitaji kuelezwa zaidi. Dalili ya pili ni ulaji. Ndege anayejiandaa hula karibu bila kupumzika na kujiwekea mafuta chini ya ngozi, kwa sababu mafuta hayo ndiyo atakayoyatumia angani. Ukimwangalia kwa dakika kumi utaona kwamba anachomachoma tope mfululizo na kunyanyua kichwa mara chache sana, na tumbo lake limeviringana. Dalili ya tatu ni kukusanyika. Mbayuwayu wanaoonekana kwenye nyaya za umeme jioni, wakiongezeka siku hadi siku kisha ghafla wasionekane, ndio hao hao wanaopokelewa Ulaya ya kusini mwezi Machi na Uingereza mwezi Aprili. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi anavuka Sahara kwa mabawa yake. Nalirudia hili kila mwaka kwa wageni wangu, na bado linanigusa.

Mkazi wa Matema

Mwalimu wangu, karibu Kyela. Mimi ni mtu mzima niliyekaa ziwani maisha yangu yote, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho.

Ziwa Nyasa lina sehemu mbili tofauti kwa mtu anayetafuta ndege. Upande wa Matema, ambako Milima ya Livingstone inashuka hadi majini, kuna mawe na mchanga, na hapo utamkuta furukombe juu ya mti, mdiria mweusi na mweupe anayesimama angani akipiga mabawa kabla ya kuzama, na mnandi wanaokausha mabawa yao. Hao ni wenyeji. Msafiri wa mwambao huo ni chamchanga mmoja mdogo anayetembea peke yake juu ya mawe huku sehemu ya nyuma ya mwili wake ikipanda na kushuka bila kukoma, na ukimsogelea huruka chini sana, karibu kugusa maji, kwa mabawa yanayotetema. Kuanzia Agosti hadi Aprili hakosekani. Sehemu ya pili ni midomo ya mito, Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe, inapoleta tope na kujenga vichanga, pamoja na mabonde ya mpunga yaliyo nyuma yake. Huko ndege ni wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi.

Lakini nakuomba uzingatie mvua. Kyela kuna mvua kubwa kupita sehemu nyingi za nchi hii, na kuanzia katikati ya Machi zinazidi. Kama utakuja, njoo mwanzoni mwa mwezi, mlale Matema au Kyela mjini, na mtoke kabla jua halijapanda. Mnapofika kijijini anzeni kwa mwenyekiti. Mtu mwenye darubini anayezunguka karibu na nyumba za watu au kwenye kingo za mpakani bila kujitambulisha huleta wasiwasi, nao si wasiwasi wa bure.

Mkulima wa Mbarali

Habari za kazi, Mwalimu. Naona Usangu haijapewa nafasi yake, na mimi ninalima huku.

Machi mpunga wetu umesimama ndani ya maji, na majaruba ya pembezoni ambayo hayakupandwa vizuri yanakuwa na tope wazi. Hapo nawaona yangeyange, kwarara, fundichuma, korongo wa aina mbili tatu, na chamchanga wengi ambao huruka pamoja mtu anapopita kwenye tuta. Korongo weupe wanaotoka Ulaya, pamoja na wale weusi wenye tumbo jeupe ambao huzaa upande wa Sudan na Afrika Magharibi, nimewaona mashambani mara nyingi viwavijeshi vinapotokea. Wanatembea kwa mstari wakila, na hakuna mkulima mwenye akili anayewafukuza. Wengi wao wanakuwa wameondoka kabla ya mwisho wa Machi, hivyo ukichelewa hutawakuta.

Naomba jambo moja lielezwe kwa wanafunzi kwa uzito wake. Mkulima wa Usangu hawezi kupenda kila ndege kwa pamoja, kwa sababu kwelea kwelea wakishuka kwenye mpunga au mtama wanamaliza jasho la msimu mzima, na watoto wetu hushinda mashambani kuwafukuza. Serikali hupulizia sumu kwenye mazalia na malalo ya kwelea, na sumu hiyo haichagui: mwewe na kozi wanaokuja kula kwelea waliokufa nao hudhurika, na vilevile ndege wa majini kama malalo yako kwenye matete. Mimi sisemi kwelea waachwe. Ninasema mwanafunzi anayekuja kuangalia ndege huku azungumze na mkulima pia, aulize ni lini ndege gani alionekana, kwa kuwa mkulima yupo shambani tangu alfajiri na anajua mengi ambayo hayakuandikwa popote.

Kuhusu Ihefu yenyewe, ile ardhioevu ya ndani inayotunza maji ya Mto Ruaha Mkuu, msijaribu Machi. Barabara hazipitiki, na eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, hivyo kuna taratibu za kuingia. Kwenye mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, Igurusi hadi Rujewa, mtaona ya kutosha.

Mpenzi wa Kitulo

Ndugu zangu, mimi nina mtazamo tofauti. Kama ni safari moja tu, na ni Machi, wapelekeni wanafunzi Kitulo.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 413, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, ambayo Machi bado yapo. Juu ya nyasi hizo za mita 2,600 anaishi mbayuwayu wa buluu, ndege ambaye idadi yake duniani ni ndogo na anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini. Huyu naye ni mhamiaji, ila safari yake haitoki nje ya Afrika: huzaa kwenye nyanda za juu kuanzia hapa kwetu hadi Afrika Kusini wakati wa mvua, akijenga kiota cha tope ndani ya mashimo ya ardhini, kisha kufika Aprili huondoka kwenda nyasi za kandokando ya Ziwa Victoria, Uganda na Kenya magharibi. Wanafunzi wanaoamini kwamba kila ndege msafiri hutoka Ulaya wangejifunza jambo kubwa hapo. Aidha kuna tandawala mkubwa wa Denham, ndege mrefu anayetembea ardhini kwenye nyasi, na kwenye vijito vya bondeni kuna ndege wa maji pia.

Njia ya kupandia Chimala, ile ya kona Hamsini na Saba, inateleza sana wakati wa mvua, kwa hiyo basi la shule lipitie Isyonje.

Mwalimu wa Uyole

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mzee wangu wa Matema, shikamoo, na asante kwa kunikumbusha kupita kwa mwenyekiti. Ndugu mkulima, maneno yako kuhusu kwelea nitayasoma mbele ya wanafunzi kama yalivyo, kwa sababu wengi wao wanatoka katika familia za wakulima na wamewahi kulinda mashamba.

Sasa naona wazi kwamba pwani si lazima. Nimebaki na mambo mawili. Klabu ina wanafunzi wapatao arobaini na shule ina darubini mbili tu. Pili, hao chamchanga wanaotajwa na kila mtu, nimejaribu kuwatazama kwenye picha na wote wananionekea wamefanana. Mwanafunzi wa kidato cha pili atawatofautishaje?

Mtafiti wa ndege wa majini, Mafinga

Mwalimu, nimesubiri wengine waeleze maeneo yao, kwa sababu jibu langu linaanzia kwenye hili ulilouliza sasa.

Chamchanga hawatofautishwi kwa rangi kwanza. Anza na umbo, kisha mwendo, kisha kile kinachoonekana anaporuka, na rangi iwe ya mwisho. Yule aliyeelezwa na mzee wa Matema unamjua kwa kupandisha na kushusha mwili wake, na kwa kipande cheupe kinachopanda kati ya kifua na bawa lililokunjwa. Ukikiona hicho, umemaliza. Wa pili hupenda dimbwi dogo lililojificha, hukaa peke yake, na mgongo wake ni mweusi kiasi kwamba anaporuka ghafla unaona weusi mtupu na kiuno cheupe sana, na chini ya mabawa ni kweusi. Wa tatu ndiye mwenye idadi kubwa zaidi kwenye majaruba na madimbwi yetu: mwembamba, miguu yenye unjano, madoadoa mgongoni, mstari mweupe juu ya jicho, na chini ya mabawa ni kweupe. Hawa wawili wa mwisho ndio wanaowachanganya watu, na mabawa yao yakinyanyuka tofauti haina ubishi. Huyo wa tatu ana gramu zipatazo 60, na huzaa kwenye mabwawa ya tope katika misitu ya Skandinavia na Urusi hadi Siberia.

Wa nne ni mkubwa, wa kijivu, mwenye miguu ya kijani na mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea juu, na hutoa mlio wa mara tatu unaosikika mbali. Wa tano ana shingo ndefu, kichwa kidogo, mdomo mfupi na mgongo wenye manyoya yaliyopangana mithili ya magamba. Dume lake ni kubwa kuliko jike kwa kiasi kinachowafanya watu wadhani ni aina mbili, na wanaofika huku kwetu wengi ni majike. Kisha yupo mdogo kabisa, wa gramu 20 hadi 30, anayekimbiakimbia ukingoni na ambaye huzaa Aktiki, mahali ambapo Machi theluji bado haijaanza kuyeyuka. Hao wote huchelewa kufika kwao kwa makusudi, wakipumzika na kula katika vituo vya njiani, kwa kuwa ardhi iliyoganda haina wadudu wa kulisha vifaranga.

Wawekee wanafunzi wenyeji wawili wa kulinganisha. Mmoja ni kitwitwi mdogo mwenye mistari miwili myeusi kifuani na pete nyekundu ya jicho. Mwingine ni mkubwa zaidi, mweusi, mweupe na kijivu, ambaye sauti yake ni kama nyundo ndogo ikigonga chuma. Hao wapo mwaka mzima, na Machi wakati wageni wanajiandaa kuondoka, wenyeji wengi wa majini wako katika kazi ya kuzaa au wanatafuta mahali pa kuzalia. Yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, kwa mfano, ni dume ndilo linaloatamia mayai na kulea makinda. Korongo taji naye hujenga kiota chake ndani ya majani ya bwawa wakati wa mvua, na tangu 2012 amewekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka, hivyo mkimwona amesimama mahali pamoja msimkaribie hata kidogo. Mvukeni mbali.

Kuhusu safari, naomba nitofautiane kwa heshima na ndugu wa Kitulo. Alichosema kuhusu mbayuwayu wa buluu ni kweli na ni muhimu, na ningefurahi wanafunzi wafike huko siku moja. Lakini swali lako, Mwalimu, ni kuona safari ikiandaliwa, na jambo hilo halionekani kwa kutembelea mahali mara moja, pawe Kitulo, Mtera au Bagamoyo. Huonekana kwa kurudi kwenye bwawa lile lile. Chagueni bwawa moja au dimbwi moja ambalo mnaweza kulifikia kwa miguu kutoka shuleni, mlitembelee kila Jumamosi kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Aprili, na fedha za wazazi zitumike kununua darubini zaidi. Nawe ukiwa Uyole, sehemu ya mashamba yenye mifereji na mabwawa ya kunyweshea haiko mbali. Mimi niko Mufindi, ambako mabwawa ya mashamba ya chai, Ngwazi likiwa mojawapo, yanaonekana hayabadiliki kwa mtu anayepita mara moja, lakini anayeyarudia huona idadi ya wageni ikipanda, rangi zikikolea, kisha asubuhi moja ukingo uko wazi.

Darubini nunueni za 8 kwa 42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zenye ukuzaji wa 10 huvutia dukani, lakini mkono wa kijana hutetema na picha hutetema nayo, na ni vigumu kumpata ndege anayekimbia. Wagaweni wanafunzi katika makundi madogo, kundi moja likiwa na darubini, la pili likiandika, la tatu likihesabu kwa macho, halafu wabadilishane. Arobaini kwa pamoja kwenye ukingo mmoja watawafukuza ndege wote kabla hawajaona chochote.

Daftari ndilo jambo ambalo nisingependa lipuuzwe. Kila mara andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, upana wa tope lililo wazi ukilinganisha na mara iliyopita, aina ya ndege, idadi, na walichokuwa wakifanya. Kundi kubwa lihesabiwe kwa makumi: mwanafunzi anahesabu kumi kwa uangalifu, anakadiria ukubwa wa kumi hiyo kwa jicho, kisha anaisogeza juu ya kundi lote. Ndiyo njia inayotumika hata katika sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, ambayo hufanyika kila Januari na ilianza mwaka 1967. Kumbukumbu zenu mnaweza kuzipeleka eBird, tovuti ya kimataifa ya kumbukumbu za ndege, au kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Nyanda za Juu Kusini zina watazamaji wachache, hivyo daftari la shule moja lililotunzwa vizuri lina thamani ya kweli kwa watu wanaofuatilia ndege hawa.

Muongoza wageni, Iringa

Naunga mkono hoja ya kurudia bwawa moja. Naongeza usalama tu. Wanafunzi wasiingie majini, kwa sababu mabwawa yetu mengi yana konokono wanaobeba kichocho. Mahali penye kiboko au mamba, ikiwemo Mtera na midomo ya mito ya Kyela, wasisogee ukingoni bila mwenyeji. Na kila kijana aelezwe mwanzoni kabisa kutoelekeza darubini kwenye jua, hata kwa sekunde moja.

Mwalimu wa Uyole

Nimeelewa, na nimeshazungumza na mkuu wa shule. Tutachukua dimbwi lililo upande wa mashamba, ambalo tutaomba ruhusa ya kulifikia kila Jumamosi, na kwa wanafunzi watakaohudhuria mfululizo tutafanya ziara moja ya siku kwenye majaruba ya Igurusi mwanzoni mwa Machi, korongo wakiwa bado hawajaondoka. Ndugu mkulima, nitakutafuta ili utuelekeze kwa viongozi wa skimu ya umwagiliaji.

Swali langu la mwisho kwa mtafiti: Aprili ikiisha na ukingo ukiwa wazi, klabu ifanye nini hadi mwakani?

Mtafiti wa ndege wa majini, Mafinga

Msiache kwenda, Mwalimu, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Kwanza andikeni tarehe ya mwisho ya kuonekana kwa kila aina, kwa sababu ni rahisi kukumbuka lini ndege alifika kuliko lini aliondoka, na tarehe za kuondoka ndizo adimu. Pili, Mei na Juni mkiona chamchanga mmoja mmoja amebaki, msidhani ni mgonjwa. Wengi wa hao ni wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa, na huweza kukaa Afrika hadi mwaka unaofuata. Tatu, wa kwanza kurudi huanza kuonekana mwishoni mwa Julai na Agosti, wakati huku ni kiangazi na maji yamepungua, hivyo tope litakuwa pana na watakuwa rahisi kuhesabu. Watazameni vizuri wiki hizo za kwanza: watu wazima hufika mbele wakiwa bado na mabaki ya manyoya ya kuzalia yaliyochakaa, na watoto wa mwaka huo huwafuata baadaye wakiwa na manyoya mapya yenye kingo safi.